Ratiba ya Watu Wanane

Kosa langu lilikuwa kuuliza. Kikao kilinichagua kuwa katibu wa bonanza letu la tenisi kwa sababu ni mimi tu niliyekuja na kalamu. Badala ya kupanga ratiba kimyakimya, nikajitia demokrasia. Nikanunua daftari la kurasa 40, nikaanza kuzunguka Mirongo nikimwuliza kila mchezaji: wikiendi hiyo ungependa kucheza saa ngapi?

Uwanja tunao mmoja, wa saruji, umebanwa na miamba kama kila kitu Mwanza. Mpira ukigonga mwamba hurudi na hasira zake. Ukivuka ukuta huingia mtaroni, mtaro ukaukabidhi Mto Mirongo, na Mirongo ukaukabidhi Ziwa Victoria. Kwa hesabu za jiografia, mipira yetu kadhaa imeshapita Jinja na sasa iko Mto Nile, inaitafuta Misri.

Wa kwanza kuulizwa alikuwa mhasibu aliyehamia majuzi kutoka Dar es Salaam. "Saa 12 kamili asubuhi, kabla jua halijawa kali." Nikaandika. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba jua la huku nalo lina ratiba yake. Saa yetu na ya Dar ni moja, lakini Mwanza iko mbali magharibi, hivyo jua hutufikia limechelewa kwa wastani wa dakika 25 hivi. Saa 12 asubuhi, Dar mpira unaonekana. Mwanza unasikika tu.

Wa pili, fundi simu, ni Msabato: Jumamosi hashiki raketi mpaka jua lizame. Na jua linalochelewa kuchomoza huchelewa pia kuzama. Likishazama ni karibu saa 1 usiku, na taa hatuna. Basi Jumapili? Jumapili ilishakataliwa na mama anayeuza vitenge Makoroboi: misa ya kwanza, mazoezi ya kwaya, kisha wageni. Nikajaribu usuluhishi. Nikamweleza fundi kwamba hata Wimbledon kwa miaka mingi walipumzika Jumapili ya katikati ya mashindano, mpaka mwaka 2022 ilipofanywa siku ya kawaida ya mechi.

"Kupumzika walipumzika," akanijibu, "ila walikosea siku."

Nesi wa zamu za usiku alitaka saa 4, akishakunywa supu. Kijana wa bodaboda alitaka saa ambayo abiria hakuna; nilipomwuliza ni ipi, akasema hata yeye anaitafuta. Shemeji yangu alitaka jioni, watazamaji wakiwepo. Nilipomwambia atacheza na Mwalimu, akaomba asubuhi, wasiwepo.

Mwalimu ni mstaafu, umri wa baba yangu, anaishi ng'ambo ya barabara. "Saa yoyote, baba," alisema. Nikaona hajaelewa swali.

Kisha ikaja hesabu. Wachezaji wanane wakicheza kwa mtoano ni mechi 7. Wakicheza ligi, kila mtu na mwenzake, ni mechi 28. Wote walitaka ligi, kwa kuwa hakuna aliyetaka kutolewa mapema. Na wote walitaka tumalize Jumapili mchana. Niliwakumbusha kwamba mwaka 2010, pale Wimbledon, Isner na Mahut walicheza mechi moja kwa saa 11 na dakika 5, ikachukua siku tatu. Wakakubali mtoano. Manahodha wengi chombo huenda mrama; changu hata nanga kilikuwa hakijang'oa.

Jumamosi ikafika, nami ndipo nikakumbuka kuwa ni ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi. Mpaka saa 4 nilikuwa mtaroni na fagio. Faida yake, nilipata mipira mitatu iliyoahirisha safari ya Misri.

Mhasibu alikuwa amekuja saa 12, akakuta giza, akarudi kulala. Nikamshinda mezani. Nesi naye alilala, bodaboda akapita mezani. Fundi na mama wa vitenge niliwapanga pamoja, na uwanjani hawajaonana hadi leo. Tukarusha shilingi, akashinda mama, ambaye nusu fainali akashindwa kwa kosa lilelile la kutokuwepo. Bodaboda, nusu fainali yetu ikiwa inaanza, alipata abiria wa Igoma. Katika mechi 7, tano zilichezwa na daftari langu. Shemeji alicheza kweli, mchana kweupe, watu wakiwepo. Tusimwongelee.

Hivyo Jumapili saa 10, upepo wa ziwa ukivuma, nikaingia fainali bila kupiga mpira hata mmoja. Ng'ambo ya wavu alisimama mtu wa "saa yoyote". Nilifungwa 6–0, 6–1. Gemu ile moja nadhani alinipa ya nauli.

Saa 12 jioni tulikwenda kula sato wa kukaanga. Muda huo sikuupanga wala sikumwuliza mtu. Wakaja wote wanane, na bodaboda akafika wa kwanza.

Nikaona hapa ndipo pa kupata maoni ya bonanza lijalo. Nikafungua daftari, na wote wakaanza kusema kwa pamoja. Mwalimu akaichukua kalamu yangu taratibu, akaitia mfukoni mwake.

"Kula samaki, katibu," akasema. "Atapoa."