Roho Nzuri au Kukosa Abiria?

Eti watu wa Katunguru, hapa Uganda, tuna roho nzuri. Nyoo! Basi la Kasese likizima karibu na daraja, vijana wa boda wanalizunguka: huyu kashika jeki, yule anasaka mawe ya kuzuia tairi, muuza ngege kaacha sinia ampe mtoto wa watu maji. Abiria wanasifu: "Watu wa huku wakarimu!" Ukarimu gani? Vijana hawajapakia mtu tangu asubuhi. Wana nafasi.

Msininunie. Mwaka 1973 wasomi wa Marekani, Darley na Batson, walitoa matokeo ya jaribio lao kwa wanafunzi wa theolojia wa Princeton. Njiani walimweka mtu kajikunyata mlangoni, anakohoa. Wasio na haraka, 63 katika kila 100 walimsaidia. Walioambiwa wamechelewa, 10 tu. Na baadhi yao walikuwa wanakwenda kuzungumzia Msamaria Mwema! Aka! Mchungaji mtarajiwa anampita mgonjwa awahi kumhubiri mgonjwa.

Madereva wa lori wanaosaidiana barabarani nao wana lao. Jua likizama, viboko wanatoka Mfereji wa Kazinga kwenda malishoni, na tembo hawaulizi njia ni ya nani. Anayemwacha mwenzake gizani katika hifadhi hii ya wanyama anajua kesho ni zamu yake.

Ukifika Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, hesabu yangu inagoma. Kuwapokea wanaovuka mpaka pale Mpondwe naelewa: Mkonzo wa huku na Mnande wa Kongo wanasikilizana, wengine wana shangazi ng'ambo. Lakini Juni 2019 Ebola ilivuka na familia iliyotoka msibani Kongo. Mtoto wa miaka 5 alipelekwa hospitali ya Kagando, kisha ya Bwera, akafia hapo. Wauguzi wale nafasi hawakuwa nayo, hofu walikuwa nayo tele, na bado walimhudumia. Hao nawaheshimu, sina neno.

Sisi wengine, siku tukiwa na shughuli zetu, na hasa tukiwa kundi, kila mmoja anasubiri mwenzake aanze. Kwa hiyo wewe dereva mgeni, gari likikuzimikia hapa usipige kelele "jamani nisaidieni!" Tutatazamana tu. Mchague mmoja, mwite: "Wewe ndugu mwenye koti la kijani, njoo unishikie jeki." Huyo atakuja, na aliye karibu naye ataona haya kubaki ameketi.