Na ya Kutolea

Jioni ya Sinza, Dar es Salaam, zege, yaani chipsi mayai, huiva haraka kuliko muamala. Mayai yameshageuzwa juu ya chipsi, kachumbari imekaa pembeni, ukwaju umemwagwa. Mteja bado kainua simu juu kama anayetafuta mwezi wa Ramadhani. Mtandao umekwenda kuswali.

M-Pesa iliingia Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, ikisifiwa kwa kufikisha pesa upesi. Inafikisha, hakuna ubishi. Ila kibandani lipa namba imebandikwa ukutani kama pambo tu, huku muuzaji akitaja namba yake binafsi na kuongeza kwa upole: “Weka na ya kutolea, bosi.” Hivyo mla chipsi hugharimia viazi, mayai, mkaa, pamoja na safari ya pesa kutoka simu moja hadi nyingine iliyo hatua mbili mbele yake, na ada ya muuzaji kuitoa taslimu.

Julai 2021 Serikali nayo ilivuta kiti. Tozo ya miamala ilianza, ikifika hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja. Kelele zikapanda, na Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Wengi wakarudia noti. Noti haina makato, ila chenji nayo haipo, labda upewe pipi.

Kwenye migahawa ya Masaki, jijini humo humo, wamestaarabika zaidi. Menyu ni msimbo wa QR mezani. Mgeni anapiga picha, anasubiri ukurasa ufunguke, anakuza maandishi, anachagua changu. Mhudumu, aliyesimama hapo muda wote, anamwambia samaki wameisha tangu mchana.