Namna ya Kuibana Benki Inayoficha Deni

Anza kwa kuijua hila yenyewe, maana hutamkamata mwizi usiyejua anapitia dirisha gani. Mwalimu wako awe benki ya Lehman Brothers ya Marekani. Kila robo mwaka ilipokaribia kufungwa, walitoa hati fungani wakapokea fedha taslimu, huku wakiahidi kuzinunua tena baada ya siku chache. Sokoni mkataba huo huitwa repo, na ni mkopo wenye dhamana. Lakini kwa kuwa dhamana ilifikia asilimia 105 ya fedha au zaidi, wao waliandika kuwa wameuza. Fedha zikalipa madeni mengine, mizania ikakonda, hesabu zikatangazwa, kisha hati zikarudi nyumbani. Kufikia mwisho wa Mei 2008 walikuwa wameficha hivyo takriban dola bilioni 50. Septemba 15 wakafilisika. Umma ulikuja kuelezwa Machi 2010, katika ripoti ya Anton Valukas, mchunguzi aliyeteuliwa na mahakama.

Ukiona benki ya New York imevuka bahari kutafuta mwanasheria, mfuate huko huko. Marekani Lehman hawakupata kampuni ya sheria ya kuwathibitishia kuwa huo ni uuzaji. Waliipata London, chini ya sheria ya Uingereza. Aibu tupu! Watu wenye akili za kutosha kuendesha benki walizitumia kumzungusha mwenye hisa.

Sasa waulize wote wawili, aliyetoa hati na aliyetoa fedha, kila mmoja kivyake. Ndivyo inavyotaka kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2015, ambayo utoaji wake wa taarifa ulianza Julai 2020: kila upande upeleke taarifa kwenye hifadhi ya miamala kabla siku ya kazi inayofuata haijaisha, kisha taarifa hizo zilinganishwe. Mhasibu aite mkataba atakavyo. Fomu inataka kujua nani kakopa, dhamana ni ipi, ina thamani gani, inarudi lini. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye nguvu ya kanuni hii yote, kwa sababu uongo wa Lehman ulihitaji msimulizi mmoja tu.

Lakini taarifa isiyosomwa haimbani mtu. Msimamizi wa soko achukue repo za wiki moja kabla ya robo kufungwa, za siku ya kufunga, na za wiki moja baadaye. Repo zikivimba siku ile na kunywea tena baada yake, apige simu benki asubuhi hiyo hiyo.