Barua ya Wazi kwa Benki ya Dunia Kuhusu Dola 44

Kwa Benki ya Dunia,
Ofisi inayopanga nchi kwa madaraja ya kipato,
Washington.

YAH: OMBI LA KUPANGIWA DARAJA LA KIPATO MTU MMOJA MMOJA

Benki inaombwa ihusike na kichwa cha habari hapo juu. Kabla ya ombi lenyewe, ipokee kwanza shukrani zilizochelewa, kwa kuwa tarehe 1 Julai 2020 iliitoa Tanzania katika kundi la nchi za kipato cha chini na kuiweka katika kundi la kipato cha kati cha chini, daraja ambalo majukwaani lilifupishwa upesi kuwa "uchumi wa kati", yale maneno mawili ya mwisho yakiwa yamesahaulika, bila shaka kwa sababu ya furaha.

Daraja hilo hupimwa kwa Pato Ghafi la Taifa kwa kila mtu, yaani jumla ya mapato ya wakazi wote wa nchi kwa mwaka, yawe yamepatikana ndani au nje ya mipaka, ikigawanywa kwa idadi ya watu, kuanzia mwenye mgodi hadi mtoto aliyezaliwa jana. Kwa Tanzania pato hilo lilikuwa dola za Marekani 1,020 mwaka 2018, likafika 1,080 mwaka 2019, na kwa kuwa Benki ilikuwa imechora mstari kwenye dola 1,036, nchi iliuruka kwa dola 44. Dola hizo, zikigawanywa kwa siku za mwaka na kubadilishwa kwa bei ya wakati ule, ni chini ya shilingi 300, fedha isiyomtosha mtu mmoja kupanda daladala jijini Dar es Salaam, ingawa iliwatosha watu zaidi ya milioni 55 kupanda daraja kwa pamoja.

Serikali ilipokea habari hiyo kama utimilifu wa Dira ya Taifa ya Maendeleo ya 2025, miaka 5 kabla ya wakati. Anayeisoma Dira yenyewe atakuta imetaja mambo 5: hali bora ya maisha, amani, utulivu na umoja, utawala bora, jamii iliyoelimika na inayopenda kujifunza, na uchumi imara wenye ushindani. Kwa kuwa Benki haikuwa imechora mstari wa dola kwa ajili ya umoja wala utawala bora, mambo hayo hayakupata siku yao ya kutangazwa, na haikusikika ofisi yoyote ikililalamikia hilo, hasa ikizingatiwa kuwa Oktoba ya mwaka huohuo ilikuwa ya uchaguzi mkuu.

Nchi jirani ilifika hapo kwa njia fupi zaidi. Septemba 2014 Kenya ilibadili mwaka wa kizio, yaani mwaka unaotumiwa kuwa msingi wa kulinganisha thamani ya uzalishaji wa miaka mingine, kutoka 2001 hadi 2009, uchumi ukaonekana mkubwa zaidi kwa robo nzima, nayo nchi ikaingia kipato cha kati bila gunia hata moja la mahindi kuongezeka katika maghala ya Kitale. Nigeria ilikuwa imefanya vivyo hivyo Aprili ya mwaka huo, ikaongezeka kwa asilimia 89 na kuipita Afrika Kusini. Haki itendeke: shughuli zilizoongezwa kwenye hesabu zilikuwa za kweli, zikiwemo za simu za mkononi, na kutozihesabu kungekuwa kosa. Hata hivyo, maendeleo yanayoweza kuletwa na mtakwimu peke yake, akiwa mezani pake, yanastahili kutengwa na yale yanayohitaji mkunga, mwalimu au bomba la maji.

Kuendelea, basi, kuna maana tatu. Kwa maana ya kwanza, ile ya uchumi, ni kukua kwa jumla ya vitu na huduma zenye bei. Kijana wa bodaboda anayeendesha pikipiki ya mkataba, yaani pikipiki ya mtu mwingine, ambaye humlipa hesabu kila siku hadi iwe yake, huikuza jumla hiyo anaponunua petroli, huikuza tena anapolazimika kununua nyingine kwa kuwa ya kwanza imeungulia katika foleni ya Ubungo, na siku anapovunjika mguu huikuza zaidi kwa picha ya eksirei, plasta na kitanda cha wodi ya mifupa. Mguu wenyewe haupunguzwi popote katika hesabu. Mama yake anayemuuguza nyumbani kwa miezi kadhaa, akimpikia na kumwogesha, hachangii chochote, kwa kuwa hakuna aliyemlipa. Laiti angemwajiri mwenzake nao wabadilishane wagonjwa kwa ujira, taifa lingeendelea maradufu. Mwanauchumi Simon Kuznets, aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa hesabu hizi, aliliandikia Bunge la Marekani mwaka 1934 kwamba ni vigumu kuukisia ustawi wa taifa kwa pato lake. Onyo hilo lilihifadhiwa vizuri sana.

Maana ya pili, ya jamii, ni uwezo wa watu kwa pamoja kusoma, kutibiwa, kuishi muda mrefu na kujipangia mambo yao, nayo haifuati ya kwanza kama mkia. Tanzania ya baada ya Azimio la Arusha la 1967, la ujamaa na kujitegemea, na Azimio la Musoma la 1974, la elimu ya msingi kwa wote, ilikuwa maskini kwa mizani ya Benki, na mashamba yake ya pamoja hayakuzalisha kama yalivyoahidiwa, lakini hesabu za serikali zilionyesha kuwa watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walishuka kutoka zaidi ya asilimia 60 hadi takriban asilimia 10 mwaka 1986. Hata mwenye kushuku hesabu hizo na kuzipunguza atabaki na jambo kubwa. Kisha yakaja mageuzi ya kiuchumi yaliyoungwa mkono na Benki, pamoja na sera ya kuchangia gharama, iliyowataka wazazi walipe ada. Watoto wakapungua madarasani hadi ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2001. Guinea ya Ikweta, kwa upande wake, ilichimba mafuta kuanzia miaka ya 1990 na kwa miaka kadhaa ikakaa katika daraja la juu kabisa la kipato, huku chanjo za watoto wake zikiwa miongoni mwa haba zaidi duniani. Hakuna aliyewaambia virusi vya surua kwamba nchi imeshapanda daraja.

Maana ya tatu ni ya mtu binafsi, na hapa ndipo ombi linapoanzia. Rais Nyerere, katika maandishi yake ya 1968 kuhusu uhuru na maendeleo, alishikilia kuwa barabara na majengo ni nyenzo tu na kwamba anayeendelea ni mtu. Wanauchumi Mahbub ul Haq na Amartya Sen wakaliingiza wazo la aina hiyo katika Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu ya Umoja wa Mataifa mwaka 1990, Sen akisisitiza kwamba kuendelea ni kupanuka kwa uhuru halisi wa mtu kuishi maisha anayoyathamini kwa sababu zake. Kwa vile uhuru huo hauna bei, Benki inaombwa ifanye lile inaloliweza: impe kila Mtanzania cheti cha kipato cha kati cha chini chenye jina lake, ili akipeleke dukani kwa Mangi, muuza duka wa mtaani, ambaye hadi sasa hakopeshi kwa wastani.

Cheti kitaje pia muda wa kuisha, maana Zambia ilishushwa daraja Julai 2022 na kupandishwa tena Julai 2023. Kieleze vilevile mwenye nacho aingie mlango upi, kwa kuwa katika ofisi moja ya Benki, Tanzania ni ya kipato cha kati, katika ofisi ya pili, yaani mfuko wake wa IDA ulioanzishwa mwaka 1960, ni maskini kiasi cha kustahili mikopo nafuu, na huko New York, kwenye Umoja wa Mataifa, ingali katika orodha ya nchi zenye maendeleo duni kabisa, ilimoingizwa mwaka 1971.

Wenye kungoja vyeti,
Raia wa wastani.

Nakala: Umoja wa Mataifa, kwa watunzaji wa orodha ya 1971, ili wawasiliane na wenzao wa Washington na kukubaliana jibu moja kabla ya uchaguzi ujao.