Namna ya Kuwavusha Watu wa Mabibo Hadi Mbudya

Kwanza wakubaliane kisiwa ni nini. Katika kila kundi yupo mzee atakayeshauri mpande pantoni pale Feri, mshukie Kigamboni, mle samaki, mrudi mkisema mmetoka kisiwani. Kigamboni si kisiwa. Hata kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2016 ungeweza kuzungukia Kongowe ukafika bila kulowesha ukucha. Mwambie hivyo kwa heshima, kisha umpe cheo cha mshauri mkuu ili anyamaze.

Bongoyo ni kisiwa kweli, lakini boti zake hutokea Msasani, na sisi wa Mabibo tukifika Msasani huanza kuongea taratibu. Chagua Mbudya. Kinatazamana na Kunduchi, na kwa boti ya injini ni kama dakika 20 tu. Hizo dakika 20 ndizo sehemu fupi kuliko zote za safari, na ndizo pekee ambazo hazitakuwa mikononi mwako.

Tangaza kwamba Kosta inaondoka saa 11 alfajiri, uondoke saa 3. Mtaa wetu ndio wenye Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, lakini elimu ile haijavuka ukuta. Atakayekujibu "nipo njiani" ana maana maji yake ya kuoga yameanza kupata moto. Atakayesema "nipo Kigogo hapa" hajaamka. Michango nayo kusanya mapema. Ahadi haziwekwi kwenye tangi la mafuta.

Wakati unasubiri, watu watapitia soko letu la Mahakama ya Ndizi. Usiwazuie. Nimeona mkungu mzima ukipanda Kosta, ukalipiwa nauli, ukapewa siti ya dirishani. Utashangaa kwamba watu waliochanga ili waiache Mabibo siku moja wanaibeba yote: ndizi, pilau kwenye hotipoti, deli la soda, spika yenye ukubwa wa mtoto wa darasa la pili, na ule ugomvi wa bomba la maji kati ya mama wawili ambao umewapanga viti tofauti bure. Hesabu vichwa kabla ya kuondoka. Sisi tulikuwa 29.

Mwezi wa safari usichaguliwe na aliyepata likizo. Kusi likivuma, kama Julai hivi, bahari humdai mtu supu aliyokunywa asubuhi, na humdai hadharani. Kaskazi ina upole zaidi. Angalia na mwezi wa angani: ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji hupwa mbali sana, na boti itasimama huko huko. Hapo ndipo shangazi aliyevaa dera jipya atashuka kwenye maji ya magoti akiuliza, kwa sauti ya kusikika Kunduchi nzima, nani aliyeandaa safari hii.

Nahodha akigawa jaketi okozi, vaa wewe kwanza. Vijana watakataa kwa sababu linaharibu picha. Waambie kila mtu atapigwa picha moja akiwa nalo. Baada ya hapo hawatalivua.

Kisiwani sasa wewe ndiwe mwongozaji, basi ongoza. Waambie Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vilitengwa mwaka 1975 ili viumbe wa baharini wapumue, hivyo kombe na matumbawe ni vya kutazama. Kila mtu ataitikia kwa kichwa, na baba mmoja atakuwa tayari na kombe mfukoni, "la mtoto". Lirudishe majini mbele ya huyo mtoto. Waonyeshe mibuyu. Wasimulie yule kaa mkubwa anayepanda miti na kuzifungua nazi kwa magando, ambaye hutoka usiku. Nilipolieleza hilo, watatu waliotaka kulala pale walibadili mawazo. Maji ya kunywa uwe umeyabeba kutoka bara, mengi kuliko soda, kwani mchana jua la pale halina mjumbe wa kulishtakia.

Baada ya hapo kaa kimya. Watapiga muziki ule ule wa baa ya jirani, watakula ndizi zile zile, na mama wawili watamaliza kesi ya bomba wakiwa wameloa hadi kifuani. Walipatana, nisiwafiche. Mbele ya kina kirefu hakuna aliyejali nani alifungua koki.

Jioni hesabu tena kabla boti haijang'oa nanga. Nilihesabu 30. Nikahesabu upya, 30. Nikajiambia ni jua. Tulipofika Ubungo, kaka mmoja aliyekuwa amelikumbatia deli letu tangu kisiwani alifumbua macho, akachungulia dirishani.

"Samahani, kiongozi. Kwani hii siyo ya Mbagala?"

Alikuwa amekula sahani mbili.