Land Rover Yako Ikizimika Njia ya Kipili: Mwongozo kwa Mgeni

Kwanza, hongera. Umenunua Land Rover ya mwaka 1968, Series IIA ya inchi 109, ukaipiga rangi ya kijani, ukaishonea viti vya ngozi, na Oktoba 2024 ulikuwepo Arusha kwenye gwaride la Land Rover lililokuwa likiwinda rekodi ya dunia. Watu walipiga nayo picha. Sasa umeamua kuipeleka Kipili uoge Ziwa Tanganyika na kula migebuka. Mwongozo huu ni wako peke yako, maana watu wa huko hawauhitaji.

Ujue mapema kwamba ukishavuka Sumbawanga, gari lako linaacha kuwa la kihistoria. Linakuwa gari tu. Wapo wazee wa Nkasi waliopelekwa hospitali, wakaozwa na wakazikiwa ndugu zao kwa gari kama hilo hilo, barabara ikiwa tope hadi magotini. Ukisimama Namanyere ukaanza kueleza jinsi ulivyolifufua kwa miaka na kwa gharama gani, watakusikiliza kwa adabu, kisha mmoja atakuuliza kwa huruma kama ulikosa hela ya Toyota.

Tatizo la kwanza litakupata kabla hujaliona ziwa. Umetoka Dar es Salaam, usawa wa bahari, ambako fundi wako aliitega kabureta hadi injini ikanong'ona. Sumbawanga iko kiasi cha mita 1,800 juu. Hewa ya huko ni nyepesi, lakini kabureta haina habari. Inaendelea kumwaga petroli kwa kipimo cha Dar. Matokeo yake ni moshi mweusi, uvivu mlimani na plagi zilizojaa masizi. Hapo atatokea mtu. Huwa anatokea. Atafungua boneti bila kuombwa, atatoa bisibisi mfukoni, atazungusha skrubu moja, na injini itatulia. Utamshukuru sana.

Kesho yake utateremka Kipili. Ziwa liko kwenye mita 770 hivi, kwa hiyo utakuwa umepoteza kimo cha kilomita nzima, na gari litaanza kukohoa likisimama. Mwingine atafungua boneti, atainamisha sikio, na kuuliza, "Nani kakushikia hii?" Ukimtaja wa Sumbawanga atacheka kwa pua, kisha atairudisha skrubu kule ilikotoka. Siku ya kurudi, yule wa juu naye atainama, atasikiliza na kuuliza, "Nani kakushikia hii?" Vita hii ni ya siku nyingi na kila upande una haki kwa kimo chake. Kwa faida yako tu: skrubu ile inahusu sailensa, yaani injini ikinguruma gari limesimama. Likishakimbia, petroli inapita jeti kuu ambayo hakuna aliyeigusa, juu wala chini. Hilo usiliseme. Mtu aliyekuinamia juani nusu saa nzima bila kudai senti aachwe ashinde.

Na kwa heshima ya mama aliyekuzaa, usitamke neno uchawi. Mgeni gari likimzimikia Sumbawanga huona amepata kichekesho kipya kuhusu wachawi wa huko, kumbe wenyeji wamekisikia tangu wakiwa shule ya msingi. Kilichozima gari ni maji kwenye petroli uliyonunua kwa dumu. Fungua chujio, mwaga, endelea.

Baada ya Namanyere barabara inatafuta njia ya kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa. Breki zako ni za dramu pande zote nne, na zikichemka zinasahau kazi, hivyo weka gia ndogo mapema uache injini izuie. Raba za masta silinda zikikata na akajitokeza mwenye wazo la kujazia maji ya sabuni mahali pa mafuta ya breki, mwamkie, mwite mkubwa, na umkatalie. Sabuni ina mahali pake, napo ni tangi la petroli linalovuja: sabuni ya mche ikikandamizwa kwenye ufa hukufikisha mbali kuliko unavyostahili.

Sasa tuseme limekufa kabisa. Usihangaike kutafuta msaada. Hangaika na kuupanga. Watafika watoto kwanza, wakijua aina ya gari kwa mlio tangu lilipokuwa bondeni. Kisha litasimama lori la dagaa, kwa sababu dereva wa njia hii akimpita mwenzake aliyeharibikiwa, habari zitamtangulia hadi Kirando. Utingo atashuka na jeki. Mwisho, kwa mwendo wa mtu asiyekimbizwa na chochote, atafika mzee aliyewahi kuendesha Land Rover ya serikali au ya misheni. Toa shikamoo, mpe kiti. Wengine wote watakisia. Yeye atauliza lilizimika ghafla au lilikufa taratibu. Ghafla ni umeme, taratibu ni petroli. Umemaliza nusu ya kazi na hakuna aliyeshika spana.

Hatari iko kwa vijana wenye mikono myepesi, hasa yule atakayechomoa nyaya zote nne za plagi kwa mpigo ili "kuangalia". Andika kiganjani: moja, tatu, nne, mbili. Huo ndio mpangilio wa kuwaka kwa silinda zako, na saa moja baadaye kutakuwa na maoni matatu tofauti kuuhusu.

Kisha kuna suala la spana. Fundi wa leo amelelewa na Toyota, kwa hiyo sanduku lake lote ni milimita. Nati zako ni za inchi, tena Mwingereza alichanganya humo aina kadhaa za nyuzi kana kwamba alikuwa akiwakomoa watu. Spana ya 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi, naam, ila inaingia na nafasi kidogo, na ukikaza kwa nguvu inakula kona hadi nati inabaki mviringo. Hapo utahitaji patasi, nyundo na subira. Mwenye seti kamili ya spana za inchi katika eneo hili ni mtu mkubwa kuliko diwani. Haazimishi. Anakuja nazo mwenyewe, na anaondoka nazo akiwa amezihesabu.

Ikivunjika springi, jani lake usiliache chini usiku kucha. Wafipa ni watu wa chuma. Walikiyeyusha kwenye malungu, tanuru za udongo zinazopita mita tatu kwenda juu, zilizovuta hewa zenyewe bila mivukuto, kisha wakakisafisha upya kwenye tanuru ndogo. Kazi ile ilikufa enzi za ukoloni, majembe ya kiwandani yalipojaa sokoni, lakini jicho halijafa. Wewe unaona jani la springi; mhunzi anaona shoka na panga mbili.

Spea yenyewe itapatikana nyuma ya nyumba ya mtu. Kutakuwa na Land Rover haina injini wala matairi, bodi ingali nzima kwa kuwa aluminiamu haishiki kutu, chasi chini yake imeliwa kama muwa, na kuku wanataga penye kiti cha dereva. Ole wako uiite mkweche. Wanunuzi wa chuma chakavu wamekuja na mizani yao mara nyingi na kila mara wamefukuzwa. Kwa mwenyewe, gari hilo liko matengenezoni. Mazungumzo yatakwenda hivi:

"Mzee, distribyuta hiyo utaniuzia shilingi ngapi?"

"Siuzi. Nitakuazima."

"Nitairudishaje, mzee, na mimi naishi Dar?"

"Kwani huko Dar maduka yamefungwa, mwanangu?"

Umeshaingia kwenye deni, na ndivyo kitu hiki chote kinavyoendeshwa. Magari ya zamani ya ukanda huu yanatembea kwa viungo vya kuazimana, na mwenye gari hawezi kuapa kipi ni chake.

Kuhusu malipo, tofautisha fundi na msaidizi. Fundi wa gereji muulize bei kabla hajagusa nati. Msaidizi wa njiani usimuulize kabisa, kwa sababu ukishauliza umegeuza msaada kuwa kibarua, na kibarua kina bei. Nunua soda za watu wote, watoto wakiwemo. Mpe mzee hela ya sabuni kwa mikono miwili, pembeni, bila hotuba.

Ukiwa unasubiri utapelekwa ufukweni na kusimuliwa habari za Liemba, na hapo nyamaza. Meli ile iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa kwa maelfu ya masanduku, ikaungwa upya Kigoma. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, ila walitangulia kuipaka injini grisi. Waingereza waliitoa majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Kipili ilikuwa kituo chake kwa vizazi. Usijaribu kushindana na hayo kwa kisa cha viti vya ngozi. Ukitaka kuzamisha kitu, kipake grisi kwanza.

Ukipanda kurudi na gari likakata pumzi mchana wa jua, petroli imechemka ndani ya bomba. Funga kitambaa kibichi kwenye pampu na ukae kivulini.

Wiki ya kufika kwako Dar, simu italeta orodha: distribyuta, pointi, kondensa, raba za masta silinda, halafu, mwisho kabisa, plagi mbili za injini ya boti ya Yamaha. Gari lako halina Yamaha. Zinunue hivyo hivyo, funga vizuri, peleka kwenye basi la Sumbawanga, na nauli ya kifurushi uilipe huko huko Dar.