Namna ya Kwenda Kisiwani Kutafuta Utulivu

Chagua majira kwanza. Mwezi wa Machi, fedha ya korosho ikiwa imekwisha, mtu wa Nanganga utulivu anao tele na wala haumfurahishi. Utulivu wa kulipia hutafutwa Desemba, mnada ukishapita na AMCOS, chama chetu cha ushirika, kikishalipa.

Panda basi pale njia panda ya Nanganga, pita Nyangao na Mtama, na Mnazi Mmoja ukunje kushoto kuelekea Lindi. Safari ni ndefu hadi Nangurukuru. Hapo konda akiapa kwamba gari la Kilwa Masoko linaondoka sasa hivi, agiza chai na chapati mbili, utazimaliza.

Kisiwa chenyewe ni Kilwa Kisiwani, ng'ambo ya mkondo wa kama kilomita mbili. Ukishakaa kwenye mashua, anza kusahau, maana bila kusahau huwezi kukiita kisiwa ambacho hakijaguswa. Sahau kwamba msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akaukuta mji aliouhesabu miongoni mwa miji mizuri. Sahau dhahabu ya Sofala iliyopitia hapa, na sarafu za shaba za masultani wa hapa, ambazo moja imeokotwa mpaka Zimbabwe Kuu. Sahau hasa mwaka 1505, askari wa Mreno Francisco de Almeida walipoupora mji. Ukimya unaoulipia nauli una mkono wao. Wareno walijua kuondoa kelele.

Na usiguse kabisa habari za mwaka 1776, Mfaransa aitwaye Morice alipoandikiana na sultani mkataba wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Sisi watu wa bara ya kusini tulishaizuru Kilwa zamani, kwa miguu, na tiketi ilikuwa ya kwenda tu.

Sasa piga picha. Msikiti Mkuu una kuba zake, ngome iitwayo Gereza ina mlango wake, na UNESCO imeyaweka magofu haya katika urithi wa dunia tangu 1981, kwa hiyo simu yako haitakuwa ya kwanza. Lakini panda mpaka Husuni Kubwa, kasri la karne ya 14 lenye vyumba zaidi ya mia moja. Mle ndani kuna birika la pembe nane, limejengwa kwa mawe ya matumbawe juu ya genge linalotazama bahari. Mgeni wa Ulaya hulisifia mistari yake. Mtu wa Newala, aliyekulia kwenye foleni ya ndoo, huinama akachungulia chini, kisha huuliza swali moja tu: maji ya kujaza humu alipandisha nani?

Kero itakayobaki ni wenyeji. Kisiwa kitulivu hakitakiwi kuwa na watu, lakini hiki kinao, na wana nyavu za kushona na watoto wa kupeleka shule. Mama akipita na ndoo mbele ya picha yako, usimngoje aondoke. Mwambie shikamoo. Huenda akakuonyesha njia ambayo ramani ya simu haina.

Kibali hukatwa Kilwa Masoko kabla ya kuvuka. Vaa nguo ya heshima, beba chenji ya nahodha, na mwongozaji wa hapo kisiwani umlipe mlichopatana, bila kumkumbusha habari za bei ya korosho.